Semina ya siku moja na swali la kila Jumamosi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nichangie jambo ambalo gazeti lako limeliandika mara kadhaa miezi ya karibuni, nalo ni la hawa wanaoitwa makocha wa maisha, pamoja na semina zao za kuwafundisha watu kujiwekea malengo na kutafuta hamasa. Sikusudii kuwabeza. Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, nimeshika chaki kwa miaka 36, na najua vizuri kuwa mwanafunzi asiyejua anasomea nini huchoka mapema kuliko yule asiye na daftari. Ninachotaka kusema ni kwamba tumechanganya vitu viwili visivyofanana: maneno yanayompandisha mtu moyo kwa siku moja, na utaratibu wa kumrudia mtu huyo kila wiki kumwuliza amefika wapi. Hicho cha kwanza kinauzwa kwa bei kubwa na hakidumu. Cha pili ndicho ukocha wenyewe, nasi tunacho mitaani kwetu siku nyingi, ila hatujakipa jina hilo.

Nianze na kilichonifanya nishike kalamu. Mpwa wangu, mtoto wa kaka yangu, ni fundi simu hapa Morogoro, na wakati ninaousimulia alikuwa anafanyia kazi kwenye meza ya kuazima mbele ya duka la mtu, jirani na stendi ya Msamvu. Mwaka juzi, mwezi Novemba, alilipa shilingi 150,000 kuhudhuria semina ya siku moja katika ukumbi wa hoteli jijini Dar es Salaam, na hapo nauli na chakula vilikuwa juu yake. Aliporudi alinipitia nyumbani, akanisalimu shikamoo shangazi huku macho yanamng'aa, akakunjua karatasi ya manila aliyokuja nayo imeviringishwa kama mkeka. Juu yake alikuwa amebandika picha zilizokatwa kwenye majarida: nyumba ya ghorofa yenye bustani, gari jeupe, ndege inayopaa, na mwanamume aliyevaa suti akiangalia saa. Chini kabisa aliandika kwa kalamu nyekundu, "Kufikia 2027 nitakuwa milionea."

Nikamwuliza, "Hili ni nini, baba?" Akanijibu kuwa ni ramani ya maisha yake. Nikamwomba anioneshe mahali alipo yeye leo kwenye ramani hiyo. Aliitazama kwa muda, akacheka, kwa sababu katika karatasi nzima hapakuwa na meza, wala simu mbovu, wala hata bisibisi moja. Palikuwa na mwisho wa safari tu, tena safari ya mtu mwingine.

Wiki tatu baadaye gundi ilikuwa imeachia na lile gari jeupe limeanguka nyuma ya kabati. Waandaaji walikuwa wamewaingiza wote waliohudhuria katika kundi la WhatsApp, na kila siku saa 11 alfajiri ulikuja ujumbe wa kuwaamsha washindi. Aliniambia jambo ambalo sijalisahau: "Shangazi, nikiusoma ule ujumbe najiona nimeshindwa kabla hata sijapiga mswaki." Nilimwuliza kama yupo mtu yeyote, tangu siku ya semina, aliyempigia simu kumwuliza amefanya nini. Hakuna. Kilichokuja ni tangazo la semina ya daraja la pili, kiingilio shilingi 300,000.

Sasa, Mhariri, neno "kocha" limeingia katika Kiswahili chetu kupitia mpira, na ni vizuri tuliangalie huko huko lilikoingilia. Kocha wa timu yupo uwanjani asubuhi na jioni. Anajua nani ana maumivu ya goti, nani amechelewa mazoezini, nani alikosa penalti wiki iliyopita na kwa nini. Hatujawahi kusikia kocha aliyekutana na timu mara moja ukumbini, akawapigia kelele kwamba wao ni mabingwa, akachukua kiingilio, akaondoka, kisha timu ikachukua kombe. Mtu wa namna hiyo ana jina lake, ni mhamasishaji, na kazi yake ina nafasi yake kwenye sherehe na mahafali. Kosa ni kumlipa mhamasishaji fedha za kocha.

Ziko pia habari zinazozungushwa katika semina hizi kana kwamba ni elimu, na kwa kuwa gazeti lako nalo limewahi kuzirudia, sina budi kuligusa jambo hili. Wahamasishaji wengi husimulia utafiti wa Chuo Kikuu cha Yale cha Marekani, eti wahitimu wa mwaka 1953 waliulizwa kama wameandika malengo yao, asilimia 3 wakasema ndiyo, na miaka 20 baadaye hao asilimia 3 wakakutwa na mali kupita wenzao wote asilimia 97 wakijumlishwa pamoja. Simulizi ni tamu. Tatizo lake ni kwamba utafiti huo haujapata kufanyika. Watu waliufuatilia, hawakuukuta, na chuo chenyewe kimeeleza kuwa hakuna utafiti wa namna hiyo kwa wahitimu wa mwaka ule. Nilimpa mpwa wangu habari hiyo akanyamaza, maana ndiyo iliyomshawishi kutoa pesa.

Inasikitisha zaidi kwa sababu tafiti za kweli zipo, na zinafaa kuliko hekaya. Wanasaikolojia Edwin Locke na Gary Latham wametumia miaka mingi, tangu miaka ya 1960 na 1970, kuchunguza lengo linamfanyaje mtu afanye kazi, na walichokiona mara kwa mara ni kwamba lengo lililotajwa wazi, lenye ugumu wa kiasi, huzaa kazi nyingi kuliko kumwambia mtu ajitahidi awezavyo. Mfano ninaoupenda ni wa madereva wa malori ya magogo kule Oklahoma, uliochapishwa mwaka 1975. Madereva wale walikuwa wakiambiwa wajitahidi tu, na walikuwa wakipakia kama asilimia 60 ya uzito unaoruhusiwa na sheria. Walipopewa tarakimu, asilimia 94, bila kuongezewa mshahara wala marupurupu, upakiaji ulipanda ndani ya miezi michache ukafika kwenye asilimia 90. Hakuna aliyewaambia wafumbe macho wajione matajiri. Waliambiwa wajaze gari hadi wapi, na kila safari uzito wa gari ulipimwa.

Zingatia hilo la kupimwa, maana ndipo lilipo fumbo lote.

Kuhusu karatasi za manila, mtaalamu mwingine, Gabriele Oettingen, mwanasaikolojia mzaliwa wa Ujerumani, ameonesha jambo linalowaudhi wauza ndoto. Katika utafiti wake wa mwaka 1991, wanawake waliokuwa katika mpango wa kupunguza uzito walielezea wanavyojiwazia siku za mbele, na wale waliojichorea picha tamu za mafanikio walipungua kidogo kuliko wale waliojiwazia kwa tahadhari. Sababu anayoitoa haihitaji shahada kuielewa: akili ikishaonja karamu ya kuwaziwa, mwili nao hutulia kana kwamba umeshakula. Anachoshauri yeye ni kulitaja lengo, kisha papo hapo kulitaja lile litakalokuzuia, na kusema mapema utafanya nini likikutokea. Wazee wetu wangesema mipango si matumizi, wakamaliza.

Basi nikamwambia mpwa wangu alete daftari la kawaida la kurasa 48, tukakaa barazani. Nilimwuliza anataka nini kwa mwaka unaokuja tu, nikamkataza kutaja ndege. Alitaka fremu yake mwenyewe. Fremu aliyoitamani ilikuwa ya shilingi 80,000 kwa mwezi, na mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, hiyo ni 480,000. Vifaa, pamoja na ile mashine ya kupuliza hewa ya moto ya kunyanyulia vipande vilivyochomewa kwa lehemu, tulivikadiria 350,000. Meza ya kioo ya kupangia chaja na kava za simu, 170,000. Jumla milioni 1 kamili. Baada ya chakula, kodi ya chumba na matumizi mengine, aliona anaweza kuweka kando shilingi 5,000 kwa siku katika siku sita za kazi, yaani 30,000 kwa wiki. Alipopiga hesabu akagundua kuwa kiingilio cha semina kilikuwa wiki tano za fremu yake. Sikusema kitu. Niliona anakipigia mstari mwenyewe.

Hesabu peke yake nayo isingetosha, maana mtu akiwa peke yake na daftari lake huweza kujisamehe kila jioni. Mimi ni katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa, VICOBA, chenye wanachama 27, na kila Jumamosi saa 10 alasiri tunakutana chini ya mwembe uani kwa mwenyekiti. Wasomaji wako wengi wanaufahamu utaratibu: sanduku moja la chuma lenye makufuli matatu, funguo tatu kwa watu watatu tofauti, kila mwanachama na kitabu chake kinachogongwa muhuri kwa kila hisa anayonunua, na mfuko wa jamii wa kusaidiana katika misiba na maradhi. Mfumo huu wa vikundi ulianzia Niger mwaka 1991 miongoni mwa wanawake wa vijijini, ukafika kwetu kupitia Zanzibar, na siku hizi vikundi vimewekewa msingi wa kisheria kwa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018. Kwetu hisa ni shilingi 5,000 na hairuhusiwi kuzidi hisa tano kwa wiki. Mpwa wangu alijiunga Januari mzunguko mpya ulipoanza, akanunua hisa tano kila Jumamosi, na ile 5,000 iliyobaki aliiacha kwenye simu kwa ajili ya siku ambazo umeme umekatika au wateja hawaji.

Lakini kilichomsaidia hakikuwa sanduku, maana hata benki ina sanduku, tena kubwa. Kikundi chetu kina desturi tuliyojiwekea wenyewe: kabla makufuli hayajafunguliwa, mimi hufungua daftari la ahadi na kumwuliza kila aliyeahidi, mbele ya wenzake, alisema atafanya nini, amefanya nini, kimemkwamisha nini, na wiki hii atafanya nini. Hakuna hotuba. Hakuna makofi pia, isipokuwa siku mtu amemaliza jambo. Mara ya kwanza mpwa wangu alijibu, "Namshukuru Mungu, naendelea vizuri," na mama mmoja anayeuza mbogamboga sokoni akamwambia, "Mwanangu, hilo ni jibu la salamu. Sisi tumekuuliza hesabu."

Katika wiki ya 14 alipata pigo. Simu ya mteja iliungua mikononi mwake alipokuwa anaitengeneza, akalazimika kulipa shilingi 120,000. Jumamosi hiyo hakuja, na iliyofuata pia hakuja. Mtu aliyesikia habari hii akadhani kijana alikosa hamasa angekosea. Alikuwa na aibu, na aibu ina uzito kuliko uvivu. Alikuja wiki ya tatu kwa kuwa yule mama wa mbogamboga alipita mezani kwake asubuhi akamwambia tu, "Leo saa 10, usichelewe." Alipoulizwa kimemkwamisha nini akaeleza yote. Yule mama hakumwambia kwamba mshindi hakati tamaa. Alimwuliza deni limebaki kiasi gani. Akasema 80,000. Akamwuliza atalilipa kwa wiki ngapi. Wakakubaliana wiki nne, 20,000 kila wiki, na katika muda huo anunue hisa moja moja asipoteze mazoea. Kisha akamwuliza simu iliunguaje. Akasema alikuwa anafanya kazi saa 3 usiku, amechoka, mteja anamharakisha. "Basi mteja akikuharakisha baada ya saa 12 jioni utamwambia nini?" Akajibu, "Nitamwambia aje asubuhi." Ikaandikwa.

Jibu hilo dogo, la "ikitokea hivi nitafanya vile", mwanasaikolojia wa Ujerumani Peter Gollwitzer amelifanyia uchunguzi kwa miaka mingi, na ameonesha kuwa mtu aliyeamua mapema saa, mahali na tendo hulitekeleza mara nyingi zaidi kuliko mwenye nia njema pekee. Yule mama hajapata kumsikia Gollwitzer. Amelea watoto watano kwa mchicha na matembele, hiyo ndiyo shule yake.

Nilipokuwa namtazama nilikumbuka mwaka 1973. Nilikuwa na miaka 16, nimemaliza darasa la saba mwaka uliotangulia, na huko kijijini kwetu karibu na Turiani niliteuliwa kuwa msomaji wa kikundi katika kampeni ya Mtu ni Afya. Wasomaji wako wenye umri wangu wataikumbuka: Radio Tanzania ilikuwa na kipindi kila wiki, kulikuwa na vijitabu juu ya malaria, kichocho, safura, kuhara damu na kifua kikuu, na watu takriban milioni 2 nchi nzima walikaa katika vikundi kusikiliza na kujadili. Siku hizi kampeni hiyo ikitajwa inasifiwa kwa sababu ya redio. Mimi niliyekuwepo nasema redio ilikuwa robo tu ya jambo. Baada ya kipindi tuliizima, nikasoma kijitabu kwa sauti, watu wakajadili, na mwisho kila mkuu wa kaya akasema kabla ya wiki ijayo atafanya nini.

Mzee mmoja alisema atachimba choo. Wiki iliyofuata, kabla ya redio kufunguliwa, kiongozi wa kikundi akamwuliza shimo limefika wapi. Akajibu, "Magotini." Wiki ya pili, "Kiunoni." Wiki ya tatu hakuchimba, akasema amekuta jiwe, na vijana wawili wakajitolea kwenda na mtaimbo. Wiki ya nne akasema, "Kifuani." Siku aliyosema "Nikisimama ndani sionekani," kikundi kizima kiliinuka kwenda kuangalia. Sitasema kila kitu kilikuwa sawa. Viko vyoo vilivyochimbwa kwa haraka ili kuridhisha wakubwa vikabomoka masika ya kwanza. Lakini cha mzee yule nilikikuta bado kinatumika nilipoanza kazi ya ualimu, na sijui hotuba ya ukumbini iliyowahi kumfanya mtu achimbe futi moja.

Naomba nieleweke, Mhariri. Makocha wa kweli wapo, na wanaoijua kazi yao hufanya yale yale aliyofanya yule mama, ila kwa utaratibu na faragha zaidi. Fani hii ilipata sura yake ya sasa huko Marekani katika miaka ya 1990, na Shirikisho la Kimataifa la Makocha, linalojulikana kwa kifupi ICF, liliundwa mwaka 1995. Ili kupata cheti chake cha ngazi ya kwanza, mtu anapaswa kuwa na mafunzo pamoja na saa 100 za kazi ya ukocha. Ngazi ya pili ni saa 500, na ya juu kabisa saa 2,500. Maana ya saa hizo ni kukaa na mtu, kumsikiliza na kumwuliza, na saa za kushika kipaza sauti hazihesabiwi humo. Hata hivyo katika nchi nyingi hakuna sheria inayomzuia mtu yeyote kujiita kocha wa maisha asubuhi na kuchapisha mabango jioni, kwa hiyo mzigo wa kuchuja umeachwa mabegani mwa mteja.

Mtu aliyetaka kutoa fedha yake nitamshauri aanze kwa kuuliza watakutana mara ngapi, baada ya siku ngapi, na nani atamfuatilia kati ya kikao na kikao. Jibu likiwa kundi la WhatsApp, aweke pesa yake mfukoni. Aangalie pia katika mazungumzo ya kwanza nani anaongea zaidi, maana kocha anayezungumza robo tatu ya muda anakuuzia maisha yake mwenyewe. Na aulize mwisho wake ni lini. Kocha mwema anataka umalize, uondoke. Anayekupandisha daraja la pili, la tatu na la dhahabu anataka ubaki.

Liko jambo jingine linalonikera, nalo nitalisema waziwazi. Katika semina hizi husemwa sana kwamba umaskini uko kichwani. Nimefundisha watoto waliokuja shuleni bila kunywa hata uji, wakasinzia saa 4 asubuhi, na hakuna hata mmoja niliyemwona amepungukiwa ndoto. Ukimwuliza anataka kuwa nani atakuambia rubani kabla hujamaliza kuuliza. Kilichopungua kilikuwa uji. Mwaka tulipoanza kupika uji shuleni, kwa mahindi ya wazazi, usingizi wa saa 4 ulikwisha bila hamasa ya mtu. Kumwambia kijana asiye na mtaji kwamba tatizo ni fikra zake ni kumtoza kiingilio kisha kumtukana. Yako mambo ambayo lengo zuri litayafikisha mbali, na yako yanayotaka mkopo wa halmashauri, barabara, umeme, au bei ya haki ya mazao, na kocha mwaminifu anapaswa kuijua tofauti.

Vivyo hivyo kwa maradhi. Mtu ambaye kwa wiki kadhaa hawezi kuinuka kitandani, halali au analala kupita kiasi, hapendezwi tena na chochote na anajiona hafai kitu, huenda ana sonona, na sonona ni ugonjwa wenye matibabu hospitalini. Kumpeleka mtu huyo kwenye ukumbi wa kupiga makofi na kumwambia achague furaha ni hatari. Mhamasishaji asiyeweza kusema "hili si langu, nenda kamwone daktari" hafai kuachiwa kipaza sauti.

Mgao wa kikundi chetu ulifanyika Desemba iliyopita. Mpwa wangu alikuwa na hisa 177, sawa na shilingi 885,000. Hakufika milioni aliyoiandika. Alilipa fremu miezi sita, akanunua vifaa, akabakiwa na 55,000, na meza ya kioo ikamshinda. Chaja zake amezitundika kwa misumari kwenye ubao alioupaka rangi ya bluu. Karatasi ya manila ameibandika nyuma ya mlango, upande wa picha ukiangalia ukuta, na kwenye upande mweupe anaandika wateja wanaodaiwa. Hiyo si hadithi ya ushindi ya kuwekwa kwenye bango, na sitaki gazeti lako limtafute kumfanya mfano. Ni kijana mmoja aliyeulizwa Jumamosi zaidi ya arobaini.

Ombi langu kwako ni dogo. Hekaya ile ya Yale ikiletwa tena mezani kwako, irudishe kwa mwandishi. Matangazo ya semina mnaweza kuyachapa, ni biashara, lakini mwandishi wenu anapotumwa kuripoti semina, asiishie kuhesabu viti vilivyojaa; arudi baada ya miezi sita kwa watu watano waliokaa kwenye viti hivyo awaulize wamefika wapi. Na katika safu yenu ya Jumapili inayotoa nukuu za kutia moyo, tengeni hata robo ukurasa ambapo msomaji ataandika lengo lake la mwezi kwa tarakimu, na mwezi unaofuata aandike lilikoishia, hata kama liliishia magotini.

Barua hii nayo niliiahidi kwenye kikundi. Jumamosi mbili zilizopita nilisema nitaiandika; Jumamosi iliyopita yule mama wa mbogamboga aliponiuliza nilijibu kwamba naendelea vizuri, wote wakacheka, na mpwa wangu ndiye aliyecheka zaidi. Leo ni Ijumaa. Nitakwenda posta kabla haijafungwa, nichukue na risiti nimwoneshe.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu mstaafu,
Morogoro